Magunia ya Mama Namwinga

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinalowa jasho. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa hapa Tunduma, vumbi la malori limetanda mpaka kwenye masufuria ya watu, na mimi nimeshika kipaza sauti nikiwa na maneno tayari mdomoni. Namshukuru Mungu hayakutoka. Kaa hapo nikueleze, na hiyo simu iweke pembeni kidogo, haitakimbia.

Kwanza ujue kazi niliyokuwa nafanya, na usinicheke. Nilikuwa natafsiri filamu. Nilitoka Igamba kwa baba yangu, mkulima wa kahawa, nikaja mpakani na Zambia kutafuta maisha, na maisha yenyewe nikayapata kwenye banda la video la Mzee Sikaonga. Lilikuwa banda la mabati lenye televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao na jenereta lililofungwa kwa nyuma. Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi. Watazamaji walikuwa wapagazi, madereva waliokwama foleni ya mpakani, mama wa sokoni na vijana wa kubadilisha kwacha. Mimi nilikaa pembeni ya televisheni nikiwaambia Mchina anasema nini.

Kichina sikujua hata neno moja. Nilikuwa natazama sura ya mtu, nikiona amekunja uso nasema amekasirika kwa sababu ya shamba la urithi, nikiona analia nasema mchumba wake kaolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Watu walicheka, walilia, na walilipa kiingilio wakarudi kesho yake. Wakaniita Mkalimani. Walikuja kuniamini mpaka nikawa naletewa maboksi ya dawa za Kichina niwasomee maelekezo, na nikikataa wanasema najidai. Simu ya mkononi tulikuwa tunaiona kwenye hizo hizo filamu, kwa hiyo mtu mwenye kipaza sauti mtaani kwetu alikuwa mtu mkubwa. Nje ya banda Mzee alikuwa amefunga spika juu ya mlingoti ili wapita njia wasikie utamu waingie, na kila nilichosema ndani kilisikika mpaka kwenye maegesho ya malori.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Namwinga. Huyu alikuwa mama wa Kinamwanga, mjane, mtu wa maneno machache. Alirudi kutoka upande wa Zambia baada ya kufiwa na mumewe, akaja na injini ya dizeli, mashine ya kukoboa na mashine ya kusaga, akafungua biashara uani kwake. Alinichukua kama mtoto wake. Nikichelewa kurudi nilikuta ugali umefunikwa, na kodi ikichelewa alijifanya amesahau tarehe. Na mimi kumlipa fadhila nikawa namtangaza ndani ya filamu. Shujaa akipigwa mapanga na asife, nasema, "Jamani, huyu asubuhi alikula sembe ya Mama Namwinga, hawezi kufa leo." Banda zima linapiga miluzi. Yeye mwenyewe aliposikia alitikisa kichwa tu akaenda zake kujaza dizeli, lakini nadhani alifurahi.

Wateja walimjaa, na sababu haikuwa mimi. Sababu ilikuwa bei. Mashine nyingine zote za mjini ulikuwa unalipa mara mbili, unalipia kukoboa kisha unalipia kusaga. Yeye kukoboa alikuwa anafanya bure. Unalipia kusaga basi, na sembe inatoka nyeupe kama ya wengine au kuzidi. Foleni ya ndoo na madebe ilianza uani ikatoka mpaka barabarani.

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu haya ndiyo mambo ambayo hata ninyi wa leo mnayafanya kila siku. Bei ikipanda, kila mtu ana maelezo: mafuta yamepanda, barabara mbovu, serikali, walanguzi. Bei ikishuka kwa mtu mmoja peke yake, maelezo yanatuishia, na pale yanapoishia ndipo tunapoanza kunong'ona. Hakuna aliyekataa bei ya Mama Namwinga. Walisimama kwenye foleni yake, wakapokea unga wake, na huku wakiupokea wakaulizana: anapata wapi huyu? Dizeli ni ile ile. Injini ni kama za wengine. Mjane hana mtoto wa kumsaidia. Anakula nini?

Mwanzoni ulikuwa utani wa foleni. Halafu mtu mmoja aliyeamka mapema kuwahi basi la Mbeya akaona mkokoteni ukitoka kwa Mama Namwinga alfajiri, umejaa magunia, umefunikwa turubai na kufungwa kamba. Siku nyingine mwingine akauona. Maneno yakabadilika rangi. Magunia yana nini? Mbona hayatoki mchana kama ya watu wengine? Neno ndagu likaanza kutajwa, ule uchawi wanaosema mtu anafanya kutafuta mali kwa damu ya wengine. Likatajwa kwa sauti ya chini, na nilipokaribia wakanyamaza wakanisalimia vizuri sana. Hapo nilipaswa kushtuka, lakini kijana akisalimiwa vizuri anadhani amependwa.

Yale magunia mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia. Chumba changu kilikuwa karibu na lango, na magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yananiamsha. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Basi ile Jumamosi banda limejaa, filamu ni ya ngumi, na nipo katikati ya kueleza kwa nini mzee mmoja wa Kichina mwenye ndevu ndefu anamfukuza kijana nyumbani. Mlango ukafunguliwa, mwanga wa jua ukaingia, watu wakalalamika. Alikuwa Sichone, fundi baiskeli wa pale njia panda, mtu niliyemfahamu vizuri, mpole siku zote. Siku hiyo hakuwa mpole. Alisimama mbele ya televisheni.

"Mtoto wa Mama Daudi haonekani tangu jana jioni," alisema. "Wametafuta mpaka upande wa pili wa mpaka. Watu wako kwenye mashine ya Mama Namwinga sasa hivi." Kisha akanigeukia. "Mkalimani, wewe unalala kwake. Yale magunia yana nini?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Hujui? Si wewe unayetuambia kila siku kwamba akila unga wa yule mama mtu hafi?"

Hakuna aliyecheka. Ule utani wangu, mwanangu, niliokuwa nimeurudia mpaka watoto wanauimba njiani, ulisimama pale katikati ya banda na watu wote wakawa wanautazama upya. Niliona sura za watu niliowachekesha miezi yote zikinitazama kama mtu aliyekuwa anajua siri akawa anawarushia vipande. Nilimfikiria Mama Namwinga yuko peke yake kule uani, na nilijua mji huu unavyokuwa watu wakishaamua. Mtu mmoja alikuwa ametumwa kituo cha polisi, walisema, lakini kituo kilikuwa mbali na mawe yalikuwa karibu.

Nikashika kipaza sauti. Nilikuwa na nguvu moja tu duniani na ilikuwa ile. Nikavuta pumzi niseme, kwa sauti yote, mtaa mzima usikie, kwamba Mama Namwinga hajamuua mtoto wa mtu.

Jenereta likazimika. Televisheni ikafa, kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Mzee Sikaonga alitokea mlango wa nyuma akipangusa mikono kwa kitambaa; ni yeye aliyelizima. Alikuwa mfupi, mweusi, amefanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti, kule Zambia, ujana wake wote, na Kibemba kilikuwa kinamtoka hasa akiwa amekasirika.

"Iwe, wewe," aliniambia, "ulikuwa unataka kusema nini?"

"Kwamba Mama Namwinga hajamuua mtoto, Mzee."

"Nani amesema ameua?"

Nikamtazama Sichone, naye akatazama chini. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amesema. Sichone alisema mtoto haonekani, akasema watu wako kwenye mashine, akauliza magunia yana nini. Lile neno nililitunga mimi kichwani, kama nilivyokuwa natunga maneno ya Wachina.

"Mpaka sasa hivi humu ndani hakuna mtu aliyetamka kuua," Mzee akasema, taratibu. "Wewe ungekuwa wa kwanza. Na kwa spika. Dereva aliyelala chini ya lori lake pale nje hajui kitu. Angeamka na kusikia maneno mawili tu, Namwinga na kuua. Hilo 'haja' la kukanusha unadhani lingemfikia? Awe, hapana. Lingebaki kwenye waya."

Nilitaka kumwambia kwamba sasa hatufanyi chochote, mama wa watu atauawa sisi tumekaa gizani tunabishana maneno. Nadhani alinisoma usoni. Aliingia nyumbani kwake, nyuma ya banda, akatoka na ndoo ya mahindi ya mkewe imejaa mpaka juu, akanitwisha kichwani. Kisha akamshika Sichone bega.

"Wewe umeuliza swali zuri la magunia," akamwambia. "Lakini umemuuliza mtu asiyejua. Twende tukamuulize mwenyewe."

Tulitembea. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ile ndoo, na haikuwa nzito. Kila hatua nilikuwa nasikiliza kama nitasikia kelele za kule mbele, na nilipoanza kuzisikia nikaishika ndoo kwa mikono miwili. Mzee alikuwa anasalimia watu njiani kama siku yoyote, anauliza habari za nyumbani, anajibiwa nusu nusu. Nilimwona kama mtu asiye na akili. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anawafanya waone kuna mtu anakwenda kusaga mahindi.

Uani kwa Mama Namwinga kulikuwa kumejaa. Wengi walikuwa vijana, lakini walikuwapo pia mama wazima ambao asubuhi yake tu walikuwa wamepanga ndoo pale. Mikononi mawe. Kijana mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa, amelishika kwa kulificha nyuma ya mguu, kana kwamba anaona aibu nalo lakini hawezi kuliacha. Injini ilikuwa imezimwa. Mama Namwinga alisimama kwenye mlango wa kibanda cha mashine, kilemba chake kimejaa unga, mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango. Hakuwa analia wala hakuwa anajitetea. Nadhani ndicho kilichokuwa kinawaudhi.

Mzee Sikaonga alipita katikati yao akisema hodi, akaenda mpaka mahali foleni huanzia, pale penye mstari wa matofali, akasimama. Akaniambia nishushe ndoo.

"Mama, shikamoo ya kazi," akamtania, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. "Nimeleta mahindi."

"Mzee wangu," Mama Namwinga akajibu, "leo watu hawataki nisage."

"Kwenye foleni niko mimi peke yangu. Mimi nataka."

Watu wakanung'unika. Mmoja akasema mzee ondoka usije ukaumia bure. Yeye akasema akishasagiwa ataondoka. Mama Namwinga alimtazama kwa muda, akaingia ndani, akachukua hendeli akaizungusha. Injini ikakohoa, ikakataa. Akazungusha tena. Jiwe moja lilirushwa likagonga bati juu ya kichwa chake, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua injini ilikuwa inaunguruma na uani kote hakuna mtu anayeweza kusikia maneno ya mwenzake. Waliokuwa wanachochea walifungua midomo ikawa ni midomo tu. Aliyetaka kujua kinachoendelea ilibidi asogee aone kwa macho.

Wakasogea. Wakaona wanachokiona kila siku bila kukitazama. Mahindi yakaingia kwenye mashine ya kukoboa, upande mmoja zikatoka punje nyeupe, upande wa pili zikatoka pumba, zikaanguka kwenye gunia lililokuwa limefungwa pale mdomoni. Punje zikaenda kusagwa. Ndoo ya Mzee ikajaa sembe. Mama Namwinga akazima injini, akampa ndoo yake. Gunia la pumba likabaki pale pale.

Mzee hakuondoka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Mama, na pumba zangu zinaenda wapi?"

Mwanangu, niliona uso wa Mama Namwinga ukibadilika. Mawe hayakuubadilisha, dumu la mafuta halikuubadilisha, lile swali ndilo lililoubadilisha. Alitazama chini. Watu wakaona ameshikwa, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Afungue magunia." Wakadakia wote, afungue, afungue. Kwenye kona ya kibanda yalikuwepo, yamefungwa na kamba, yanasubiri alfajiri.

Akanitazama mimi. Sitausahau ule mtazamo. Haukuwa wa kuniomba msaada, ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ya kitu atakachokipoteza. Wakati huo sikuelewa kwa nini anasita. Kama mna kitu kingine humo, niliwaza, basi tumekwisha wote. Ndiyo, na mimi niliwaza hivyo, ugali wake nikiwa nao tumboni.

Mama Daudi akajipenyeza mbele. Alikuwa hajalala, kanga imemvuka, macho yamevimba. Watu wakampisha, kwa sababu wote walikuwa wanasema wako pale kwa ajili yake. Alisimama mbele ya Mama Namwinga, wakatazamana, mama mmoja aliyepoteza mtoto na mwingine ambaye hakujaliwa kupata. Na Mama Namwinga akachukua kisu cha kukatia kamba, watu wakarudi nyuma wakidhani ni balaa, akakata kamba ya gunia la kwanza.

Mama Daudi aliingiza mkono. Aliuingiza mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, shavu likagusa gunia, anapekua chini kabisa. Akautoa. Ulikuwa umejaa pumba. Akaenda gunia la pili, kamba ikakatwa, akaingiza mkono tena. La tatu. Akapekua yote mpaka la mwisho, mkono mzima umekuwa wa rangi ya pumba, kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi akaanza kulia. Mama Namwinga akapiga magoti akamshika.

"Ninauza pumba," akasema, na kwa sababu alisema kwa sauti ya chini watu walinyamaza ili wamsikie. "Wafuga nguruwe wa Nanyala wananunua. Ninyi mnaziacha hapa, mimi nazipeleka alfajiri kwenye lori lao. Ndiyo maana kukoboa sitozi."

Biashara yenyewe ilikuwa ni hiyo tu. Watu wa mjini, wapangaji wasio na kuku wala nguruwe, walikuwa wanaona pumba ni uchafu na wanashukuru kuachiwa huko huko. Yeye aliona ni mali. Na akaficha, kwa sababu alijua siku wakijua zina bei watazidai, na akizikosa hawezi tena kukoboa bure. Sasa nikaelewa alichokuwa anakipigia hesabu wakati ananitazama.

Na alikuwa amepiga sawasawa. Mtu mmoja akasema, "Kumbe anauza pumba zetu." Mwingine akauliza tangu lini. Mwingine akasema huo ni wizi. Sichone akawaambia wanyamaze, kuna mtoto anatafutwa, wakasikia aibu wakaanza kuachia mawe, moja moja, bila kutazamana. Kijana wa dumu sikumwona tena. Lakini kesho yake Jumapili baada ya ibada walikuja na magunia yao matupu, wanadai pumba. Baadhi yao ni mikono ile ile iliyoshika mawe. Mama Namwinga akawapa. Akabandika bei mlangoni: kukoboa kulipiwa, kusaga kulipiwa, sawa na mashine zote za mjini. Ule unga wa bei nafuu uliolisha mtaa wetu ukaishia pale, na walioumaliza ni wale wale waliokuwa wanaula.

Mtoto alionekana Jumatatu. Baba yake, aliyekuwa amegombana na mkewe, alimchukua bila kuaga akampeleka kwa bibi yake Ileje. Hakuna kilichokuwa kimemgusa. Nilipomwona anacheza njiani nilikwenda nyuma ya banda nikakaa peke yangu.

Jioni hiyo nilimkuta Mama Namwinga anasafisha mashine. Nikamwambia pole, nikamwambia watu wa mji huu wabaya. Akaendelea kusafisha.

"Mawe niliyaogopa, mwanangu, sitasema uongo," alisema mwishowe. "Lakini kinachoniuma si mawe. Walisimama kwenye foleni yangu miezi yote. Wakanipa mahindi ya watoto wao, tukaulizana habari za wagonjwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Hakunitaja. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nalala hatua chache kutoka kwenye lile lango, na sikuwahi kumuuliza.

Sasa mimi nimekuwa mzee, mabanda ya video yamekwisha, na kila mtu ana spika yake mfukoni. Juzi binti mmoja wa hapa mtaani alinionyesha kwenye simu mama anayeuza vitenge kwa bei ya chini kuliko wenzake. Chini ya picha watu wameandika. Anapata wapi? Huyu ana ndagu. Mzigo wa wizi huo. Wengine wanamtetea, tena kwa hasira nyingi, na kila anayemtetea anaisukuma ile habari kwa watu wengine ambao walikuwa hawajaisikia. Niliposoma nikahisi ile ndoo kichwani.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiona bei usiyoielewa, muulize mwenye bei, uso kwa uso, kwa adabu, kabla hujamuuliza jirani. Swali likiulizwa mlangoni kwa mwenyewe ni swali. Likiulizwa pembeni linakuwa hukumu, hata kama aliyeuliza hakukusudia. Na ukiletewa habari ya kutisha kuhusu mtu unayemjua, usikimbilie kuitangaza, wala usikimbilie kuikanusha mbele ya ulimwengu. Zima jenereta lako kwanza. Sikiliza ni nini hasa kimesemwa na nini umeongeza wewe kichwani. Kisha nenda kwake, na ukienda nenda na kazi ya mikono, usimame kwenye foleni yake mahali watu wanapokuona. Hilo ni gumu kuliko kuandika, najua. Lina hatari pia.

Na wewe uliye na biashara, usidhani nakuambia umwage siri zako zote sokoni. Mama Namwinga alikuwa na haki ya kula faida ya akili yake. Lakini awepo mtu mmoja unayemheshimu, anayejua mkate wako unatoka wapi, ili siku wakija uani wakiwa na mawe awe anajua ajibu nini. Yeye hakuwa naye. Angeweza kuwa mimi, na nisingekuwa mtu wa kujibu "sijui" mbele ya banda zima.

Mungu akupe riziki ambayo hutaona aibu kuitoa mchana. Akupe macho ya kuona mali pale wenzako wanapoona takataka, na akuepushe na mikono yenye mawe, iwe ya wengine au ya kwako mwenyewe. Na siku jirani yako akikuzidi kwa jambo usilolielewa, Mungu akufungulie mdomo umuulize, kabla hawajaulizana wengine. Nenda kwa amani, mwanangu.